Orodha ya kazi za siku: ujitumie mwenyewe au uiweke kwenye kundi la familia?

Hapa Lamu vitu vingi huja kwa boti na kumalizia safari juu ya punda. Ukisahau kitu Mokowe, ng'ambo kule bara, umesubiri safari nyingine. Ndiyo maana naandika kila kitu kwenye WhatsApp, na njia zote mbili nimezitumia.

Kujitumia mwenyewe kunawezekana tangu mwishoni mwa 2022: unafungua mazungumzo na namba yako. Naandika nikinywa chai: nazi tatu, unga wa ngano, pesa za fundi. Nikimaliza jambo, nalifuta. Pametulia, ila hakuna wa kukukumbusha. Usipofungua, orodha imelala.

Kwenye kundi la familia orodha inapata mikono. Juzi niliandika "gesi imeisha". Shemeji alikuwa jeti ya Mokowe, akajibu kwa sauti, "Nauchukua, dada." Adhuhuri mtungi uko mlangoni, umefungwa kamba ubavuni mwa punda. Peke yangu ningeupata kesho.

Tatizo ni salamu za Ijumaa na picha za harusi; zinaifunika orodha kabla ya alasiri. Ibandike juu ya mazungumzo (pin). WhatsApp inakupa ikae hapo saa 24, siku 7 au siku 30, na mimi huchagua siku 7. Tena kila kazi iwe na jina la mtu, maana "nani ataleta samaki?" hujibiwa na kimya.

Mahitaji ya nyumba nayapeleka kundini. Madeni na dawa za mama nabaki nayo mwenyewe.