Voteksi na gololi za 316 kwa rangi za modeli: uzoefu wangu

Rangi za kupakia modeli, yaani vifani vidogo vya kuunda, hutuama chupani na lazima zichanganywe kabla ya kupaka. Kama fedha uliyo nayo inatosha kitu kimoja tu, nunua kwanza gololi za chuma za kutia ndani ya chupa, mashine ya kuitikisa isubiri. Nasema hivyo ingawa mashine hiyo, voteksi, ndiyo chombo ninachokitegemea kuliko vyote mezani.

Mashine ninayotumia ni ile ya maabara: mota chini, kikombe cha mpira juu, na mhimili uliowekwa kando kidogo ili kikombe kichore duara dogo la milimita 4 hivi kwa kasi. Yangu inafika mizunguko 2,800 kwa dakika. Ukikandamiza kitako cha chupa kwenye kikombe inawaka, ukiinua inazimika. Kwa chupa ya kudondoshea ya mililita 17 au 18, kama zile za kampuni ya Vallejo, ukubwa huo unatosha kabisa.

Lakini chupa mpya huja imejaa karibu hadi shingoni. Hewa ikiwa kidogo, rangi haina pa kuzungukia: ya juu inacheza, mashapo ya chini yamekaa kimya. Rangi zinazosumbua zaidi ni nyeupe, kwa sababu titani dayoksaidi iliyomo ina uzito wa zaidi ya mara 4 ya maji, na zile za kahawia na nyekundu ya kutu zenye oksidi ya chuma, ambayo inakaribia mara 5. Hizo hushuka na kushikamana kwenye kitako hadi zikawa nzito kama siagi ya karanga. Kinachozibandua ni gololi.

Gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 5 ina uzito wa nusu gramu hivi. Ya milimita 6 inakaribia gramu 0.9. Ya kioo ya milimita 6 haifiki hata gramu 0.3, ndiyo maana kwenye mashapo magumu inanasa tu. Mimi naweka mbili za milimita 5 kwa kila chupa ya mililita 17. Daraja liwe 316, chuma kisichoshika kutu chenye molibdenamu, maana rangi za akriliki zina maji na gololi itakaa humo miaka. Gololi za beringi za kawaida zitashika kutu, na kutu hiyo itaichafua nyeupe au njano yako. Zipime kwa sumaku kabla hujazitia: 316 halisi haivutwi, au inavutwa kwa udhaifu sana. Ikirukia sumaku, irudishe dukani. Vizito vya madini ya risasi vya kuvulia samaki usivitumie kamwe. Ni sumu, na rangi hizi zinagusa vidole kila siku.

Kuzitia, shika mdomo wa kudondoshea kwa koleo karibu na shingo, uyumbishe huku na huku ukivuta juu. Ukigoma, tumbukiza shingo kwenye maji ya moto kwa dakika moja, plastiki ilainike. Kabla ya kurudisha mdomo, futa kabisa ukoko wa rangi kavu uliozunguka shingo. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka: ukoko ukibaki, gololi zitauvunja vipande na vipande hivyo ndivyo vitakavyoziba tundu. Rudisha mdomo, ukandamize hadi usikie umeingia.

Siku ya kupaka, geuza chupa kichwa chini, ugonge kitako mara kadhaa, kisha ulaze kwenye kikombe kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiisimamisha wima, gololi huzunguka ukingoni na kuacha katikati. Sikiliza: gololi zikiwa zimenasa, chupa iko kimya, zikijinasua, zinaanza kulia kwa wepesi. Hesabu sekunde 30 tangu hapo, si tangu ulipoanza. Mwisho, dondosha matone mawili ya kwanza kwenye karatasi, kwani mdomoni hubaki maji na gundi ya rangi bila rangi yenyewe.

Utajuaje haijachanganyika? Rangi ya mati, yaani isiyong'aa, inakauka iking'aa, au inaacha mabaka. Unga wa silika unaoondoa mng'ao nao huzama, kwa hiyo rangi inaweza kuonekana sawa kabisa kwenye paleti na bado ikakuharibia kazi.

Kasoro ya voteksi ni viputo. Kwa brashi ya mkono si neno, ila kwa brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi, acha chupa itulie dakika kumi. Vanishi ya mati naiviringisha mezani kwa kiganja, siipeleki kwenye mashine, kwa sababu viputo vyake hukaukia juu ya modeli.

Vyombo vingine vinataka utaratibu wake. Chupa za kioo za Tamiya sizitii gololi za chuma. Nakoroga kwa kijiti bapa cha chuma, nikikwangua kitako na pembe zake, ndipo nagusisha kwenye mashine kwa kasi ndogo. Vikopo vya enameli vya Humbrol vya mililita 14 navyo ni kazi ya kijiti. Vikopo vya Citadel vinakubali gololi, lakini funika kifuniko kwa mfuko wa plastiki na ukishike kwa kidole gumba, maana kikiachia kwa kasi hiyo rangi itafika ukutani.

Ukiamua kununua mashine, angalia uzito wa kitako kabla ya kasi. Nyepesi hutembea mezani na kukutetemesha mkono, hata ikiwa na miguu ya kunyonya. Soma pia kibandiko cha umeme: zinazouzwa kwa soko la Marekani nyingi ni za volti 110 hadi 120, na soketi za Kenya na Tanzania zitaiunguza mota. Tafuta iliyoandikwa 220 hadi 240.