Banda la mbao la kununua: miezi tisa na mitetea wangu wa kwanza

Nililichagua banda hili kwa sababu boksi liliandikwa "kuku wanane", na mimi nilitaka sita tu. Nilijua nimeacha nafasi ya ziada. Kuliunga kulinichukua mchana mmoja na bisibisi. Matundu ya skrubu yanakutana, na karatasi ya maelekezo inaeleweka. Hapo sina lawama.

Mitetea niliwachukua wakiwa na wiki 14. Vifaranga wa siku moja wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unalishusha kidogo kidogo kila wiki mpaka manyoya yaote, na nyumbani kwangu mchana hakuna mtu wa kuwaangalia. Kwa anayeanza bado nampa ushauri huohuo: anza na mitetea, tena uulize wamechanjwa nini.

Baada ya wiki chache nikaona wawili wanalala ndani ya viota na kuvijaza kinyesi. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe kosa ni la banda. Kijiti cha kulalia kina urefu wa sentimita 80, na kuku mmoja mkubwa anahitaji kama 20 hadi 25. Wanatosha wanne, wakibanana. Isitoshe kijiti kimewekwa usawa mmoja na viota, wakati kuku hupenda kulala mahali pa juu kuliko pote. Nikaongeza kijiti cha pili, vyote nikavipandisha, na viota vikabaki safi kuanzia wiki hiyo. Sakafu nayo haifiki hata mita moja ya mraba. Kwa kipimo hicho mimi ningeweka watatu, au wanne kama wanashinda nje kutwa.

Hewa ilikuwa mbaya zaidi. Dirisha pekee liko chini, sawa na vichwa vyao wakiwa wamelala, kwa hiyo upepo unawapiga wao huku unyevu na harufu kali ya kinyesi vikibaki juu. Ukifungua mlango asubuhi macho yakakuwasha, ujue wao wamevuta hewa hiyo usiku kucha. Nilikata nafasi ndefu chini ya paa pande zote mbili nikaiziba kwa wavu. Maranda yakaacha kulowa.

Sasa wavu wenyewe, ambao ndio sababu ya kuandika haya yote. Banda linakuja na ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita, umebanwa kwa pini. Wavu huo unamzuia kuku asitoke, ila haumzuii mnyama asiingie. Mwezi wa tatu niliamka nikakuta pini zimeng'olewa kona moja na mtetea mmoja amekufa, yule mweusi aliyekuwa wa kwanza kunifuata nikibeba ndoo. Iliniuma sana, na inaniuma bado. Siku hiyohiyo nilibandua wavu wote nikaweka wa chuma uliochomelewa, matundu ya milimita 12, nikaukaza kwa skrubu na washa. Kuzunguka banda nikalaza mwingine chini, upana wa sentimita 30 kuelekea nje, maana mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Komeo la kugeuza nalo nikalibadilisha.

Utitiri, vile vidudu vinavyonyonya damu ya kuku usiku, nao walikuja, kama wanavyokuja kwenye banda lolote la mbao lenye nyufa. Mchana huwaoni. Nilishtuka kuku walipokataa kuingia jioni na vilemba vyao vikapauka, nikapitisha karatasi nyeupe chini ya kijiti usiku, ikarudi na madoa mekundu. Vijiti vinachomoka kirahisi, hilo ni zuri la kweli la muundo huu: nilivimwagia maji yanayochemka.

Yai la kwanza lilipatikana wakiwa na umri wa wiki 21. Wote watano wanataga sasa.

Muuzaji nilipomwandikia kuhusu ile namba ya kuku wanane alinijibu kwamba imehesabiwa kwa kuku wa aina ndogo. Kwenye boksi halikuandikwa hilo. Natoa nyota tatu: mbao ni imara, trei ya kinyesi inavutika vizuri, paa halijavuja. Ukilinunua, hesabu nusu ya kuku walioandikwa, na ubadilishe wavu kabla hujaleta hata mmoja.