JPI EDM-700 kwenye Cessna 172 yetu: nyota nne

Nimekaa na hii kitu miezi kumi sasa kwa 172 yetu pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi (tuko watu watatu, ndege moja, malumbano kila wiki) na pesa haikupotea, ingawa siku ya kulipa tumbo liliniuma kweli.

Kwa asiyeijua, ni saa ya duara ya dashibodi inayopima joto la egzosti na la kichwa cha kila silinda. Injini yetu ni Lycoming O-320, silinda nne, kwa hivyo unaona nguzo nne zimesimama, na batani ni mbili tu, STEP na LF.

Kabla yake injini ilikuwa inatetemeka hadi mke wangu akakataa kupanda. Ukitesti magineto (vile vifaa viwili vya kutoa cheche; kila silinda ina plagi mbili, kila plagi na magineto yake) kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, ukibaki na moja iko sawa, ukibaki na nyingine mizunguko inashuka zaidi ya 200 na dashibodi nzima inacheza chakacha, na kitabu cha ndege kinasema isishuke zaidi ya 125. Tukapeleka karakana fulani, wakasikiliza dakika mbili, wakasema magineto imekufa, wakaweka nyingine, tukalipa, siku ya tatu mtetemo huo huo!

Ndo tukafunga EDM. Safari ya kwanza kuelekea Naivasha nikiwa juu nikaona nguzo ya silinda 3 iko juu kuliko siku zote, nikazima magineto moja, zingine tatu zikapanda na ya 3 ikabaki pale pale juu, nikarudisha, nikazima ile nyingine, tatu zikapanda na ya 3 ikaanguka puu. Hapo hata mtoto anaelewa: magineto inawasha silinda zingine tatu bila shida, kwa hivyo mgonjwa ni plagi moja au waya wake. Fundi akafungua plagi ya chini ya silinda 3, imejaa vijipande vya madini ya risasi kama mchanga, yanatoka kwa avgasi ya 100LL hiyo, petroli ya ndege. Kusafisha, kupima, nusu saa kwisha.

Na kosa lilikuwa letu bana. Wilson iko futi kama 5,500, hewa nyepesi, na sisi tulikuwa tunateksi na miksicha (wenzo wa kupanga mchanganyiko wa mafuta na hewa) imesukumwa ndani yote, yaani mafuta mengi, kama tuko Malindi, plagi zinachafuka. Siku hizi tukiwa chini tunavuta miksicha nje sana, ila si hadi injini izime, na tatizo halijarudi.

Sasa isije mtu akadhani inajua kila kitu. Haikutajii ugonjwa, inakuonyesha uko wapi, kazi ya kufikiri ni yako. Silinda moja ikipoa na ukihama magineto moja hadi nyingine hakuna tofauti, angalia valvu. Zote nne zikishuka pamoja usianze kufungua plagi, vuta hiti ya kabureta (inayoipelekea hewa ya moto) kwanza, huenda ni barafu ndani yake, na hata hapa kwetu inashika.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu mbili. Menyu yake ni ya kizamani, kubonyeza batani mbili kwa pamoja huku ndege inaruka ni mateso. Pia 700 haikubaliwi kuchukua nafasi ya saa za kiwandani, zile za zamani lazima zibaki, na tundu lenyewe ni la inchi 2¼, sisi tulibishana wiki nzima tutoe nini kingine kuipisha.