Fundi wa laptopu Kondele: waifai yangu sasa inashika yenyewe

Nina saiba ndogo Kondele, hapa Kisumu, nawajazia watu fomu za eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na ritani za kodi za KRA. Laptopu yangu ni Dell kuukuu ya mtumba, betri ilishakufa, kwa hiyo stima ikipotea nayo inazima papo hapo. Stima ikirudi inawaka vizuri, ila waifai hakuna. Sharti nifungue tamino, kile kidirisha cha kuandikia amri, niandike sudo modprobe b43, yaani kuiita draiva ya waifai iitwayo b43, niweke nenosiri, ndipo majina ya mitandao yatokee. Wakati huo mteja amesimama na kitambulisho mkononi, ananitazama kama namfanyia ukora.

Duka moja la katikati ya mji liliniambia kadi imekufa, ninunue nyingine. Maiti anaitwaje akaitika? Nikabeba mashine yangu nikaondoka.

Huyu kijana, fundi wa Kondele, hakugusa hata bisibisi. "Mama, ukiiamuru inashika?" Inashika. "Basi kadi ni nzima." Akaandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, ikatokea kadi ya waifai, Broadcom BCM4312. Akapiga rfkill list kuona kama imefungwa na swichi, haikufungwa. Kisha akaingia /etc/modprobe.d, folda ya mipangilio ya draiva, akacheka peke yake. Aliyeniwekea Debian, mfumo wa Linux ninaotumia, alianza na draiva ya Broadcom wenyewe, inayoitwa wl, halafu akaiondoa na kutumia b43. Lakini aliiondoa kwa remove badala ya purge, ambayo hufuta hata mipangilio, hivyo faili yake ya mipangilio ikabaki, na ndani yake mna mstari: blacklist b43. Mstari huo unaikataza draiva kujipakia mashine inapowaka, lakini ukiita draiva kwa jina haizuiliwi. Sijawahi kuelezewa kitu cha kompyuta nikakielewa hivyo.

Akapiga apt purge broadcom-sta-dkms kuifuta kabisa ile ya wl, akafuatisha update-initramfs -u ili mabadiliko yaingie kwenye faili za kuwashia mashine, akazima na kuwasha nikiona. Kwenye NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, akaweka alama mtandao ujiunge wenyewe, tena kwa watumiaji wote, ili usisubiri mimi niingie. Hilo sikuwa nimeliomba.

Shilingi 500, kwa M-Pesa. Risiti hatoi mpaka umdai, simu anapokea akipenda, na benchi lake moja mnalibanana na wateja wa muuza omena wa mlango wa pili. Bado nitarudi kwake. Ukienda, beba chaja yako: ile aliyo nayo ya Dell imelegea kichwa, utaishikilia kwa mkono hadi amalize.