Jimny ya mtumba kwa njia za Usambara: kabla hujainyanyua, ingia uvunguni

Habari zenu, ndugu watazamaji. Nimeegesha Magamba, juu kidogo ya Lushoto mjini. Mvua imekatika kama nusu saa iliyopita, na huo udongo mwekundu mnaouona nyuma yangu sasa hivi unateleza kama umepakwa sabuni. Nimeisubiri hali hii tangu asubuhi, maana sitaki kuwaonyesha gari kwenye lami kavu halafu niwaambie inapanda milima.

Gari yenyewe ni hii, Suzuki Jimny ya mwaka 2006, namba ya modeli JB43, injini ya petroli ya cc 1,328, gia za mkono tano. Ninayo mwaka wa pili sasa. Kila nikirusha video mnaniuliza jambo lilelile: umeinyanyua inchi ngapi, yaani umeongeza kimo chake kiasi gani? Nitafika huko. Leo naanzia uvunguni, kwa sababu fedha yangu nyingi imelala huko na ndiyo inayonifikisha kijiji cha Mtae, huko juu milimani, na kunirudisha.

Kwanza, kwa nini Jimny. Ina chasisi ya ngazi kama lori dogo, ekseli za chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma, springi za koili, na gia ya chini ya kupandia. Uzito ni tani moja na kidogo tu. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni mita mbili na robo, kwa hiyo kwenye kona za huku, ambako gari ndefu inarudi nyuma mara mbili ndipo ipite, hii inakata mara moja. Lakini kama safari zako ni Dar kwenda Mwanza na familia, tafuta gari nyingine. Hii kwenye lami ina kelele, buti lake halitoshi mizigo ya watu wanne, na tangi ni lita 40.

Sokoni utakutana pia na JB23, ile ya cc 658 yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kwa macho zinafanana sana, hivyo usinunue kwa maneno ya dalali. Fungua boneti, soma kibati. JB23 si mbaya, wapo wanaoipenda kabisa, ila tabo inataka oili ibadilishwe mapema bila kukosa, na hujui aliyekuwa nayo kabla yako alikuwa anafanya nini. Kwa gari ya mtumba mimi nilichagua injini isiyo na tabo, nikalala usingizi.

Haya, sogeza kamera huku chini. Hapa ndipo pa kuangalia kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Kutu. Gari nyingi za Japani zimetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kisha zikifika kwetu zinakaa miaka Dar au Tanga na hewa ya bahari. Angalia chasisi pale mikono ya ekseli inapofungwa, angalia nyuma ya taa za mbele, angalia ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma. Chukua kinyundo kidogo, gonga taratibu. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya bati lililojaa mchanga. Ukikuta uvungu wote umepuliziwa rangi nyeusi mpya juzijuzi, ongeza umakini. Mimi niliacha gari mbili kwa sababu hiyo, na moja wapo ilikuwa nzuri kweli kwa nje.

Pili, mtetemo wa stelingi. Omba kuiendesha mwenyewe, ifikishe mwendo wa kilomita 60 mpaka 80 kwa saa, pita kwenye tuta dogo au kiraka. Stelingi ikianza kutikisika mpaka mikono inatetemeka, wauzaji wengi watakwambia ni balansi ya tairi. Inawezekana. Lakini kwenye Jimny iliyochoka mara nyingi ni beringi za kingpini, zile gurudumu la mbele linapogeukia, au bushi, yaani mipira, ya mikono ya ekseli, au bushi za kile chuma cha mshazari kinachozuia ekseli isisogee kushoto na kulia. Piga jeki mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, kuna beringi ya kubadilisha. Wengine wanafunga shokapu mpya ya stelingi, mtetemo unapungua wiki chache, ugonjwa unabaki palepale. Usikubali dawa hiyo.

Ukiwa hapo hapo, tazama hii duara ya chuma nyuma ya gurudumu. Ikiwa na grisi kidogo, sawa. Ikiwa imelowa mafuta mepesi yanayochuruzika, ujue sili ya ndani imekufa na oili ya difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, inatoka.

Sasa jambo lililonigharimu mimi. Jimny za miaka kama ya hii yangu zinaunganisha magurudumu ya mbele kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Unabonyeza kitufe cha 4WD, yaani magurudumu yote manne yavute, hewa inavutwa kwenye vimirija vya mpira, na habu, viungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, zinashika. Ni mpango mzuri mpira ukiwa mpya. Wangu ulikuwa umezeeka na kupasuka, nami wakati wa kununua nilibonyeza kitufe, nikaona taa inawaka kwenye dashibodi, nikaridhika. Safari ya kwanza, tumeshapita Lukozi tunaelekea Mtae, mvua ikatukuta kwenye mpando. Taa ikaanza kupepesa. Magurudumu ya mbele yakawa yanasukumwa tu kama ya toroli, mkia wa gari ukaanza kuteremka kuelekea ukingoni. Waliotuokoa ni vijana wa lori la kabichi, wakatukingia mawe nyuma ya matairi na kutusukuma. Nawashukuru mpaka leo.

Kwa hiyo ninyi fanyeni hivi. Egesha sehemu tambarare, kaba magurudumu ya nyuma kwa mawe, vuta breki ya mkono, gia iwe huru. Inua gurudumu moja la mbele, weka stendi, usitegemee jeki peke yake. Washa injini, bonyeza 4WD, kisha jaribu kulizungusha gurudumu lililo hewani kwa mkono. Likigoma, habu imeshika. Likizunguka laini, haijashika, hata taa ikisema nini. Rudia upande wa pili. Ni dakika kumi tu.

Nilichofanya mimi ni kuondoa habu za hewa na kufunga za mkono. Hizi hapa katikati ya rimu. Nashuka, nazungusha ya kulia, nazungusha ya kushoto, basi. Ndiyo, unalowa mvua. Afadhali nilowe.

Kilichofuata ni bushi zote za mbele na beringi za kingpini, kisha matairi. Zilizokuja na gari zilikuwa 205/70R15, nikaweka za kashata, zile zenye meno makubwa, saizi 215/75R15. Kipenyo kimeongezeka kama milimita 35, maana yake difu imepanda kama milimita 17 kutoka ardhini. Dashibodi ikisoma 80, unatembea karibu 84, kumbuka hilo mbele ya tochi ya trafiki. Nikaongeza ndoano mbili za kuvutia zilizofungwa kwenye chasisi, siyo kwenye bampa, pamoja na kamba nzuri na pampu ndogo ya upepo. Winchi sijanunua. Gari ya tani moja, ukiwa na mwenzako mwenye gari na kamba, unatoka.

Sasa jibu lenu. Imenyanyuliwa inchi mbili, mwezi wa 14 tangu niinunue, na ni kazi ya mwisho niliyofanya. Ukibadilisha springi peke yake, ekseli ya mbele inasogea pembeni, stelingi inakuwa nyepesi na hairudi yenyewe katikati, mipira ya breki inavutika. Hivyo niliweka bushi za kurekebisha pembe ya ekseli, chuma cha mshazari kinachorefushwa, na mipira mirefu ya breki. Kama bajeti yako haifiki vyote hivyo, iache kimo chake cha kiwandani. Kwa springi za kawaida, matairi haya na habu nzima nilifika Mtae mara nne, pale juu kabisa unapoitazama Mkomazi chini.

Kadi ya gari na faini za barabarani mvikague kabla ya kulipa, nimeshalisema kwenye video nyingine.

Haya, nashusha upepo wa matairi mpaka PSI 16, nafunga habu. Kaka, kaa upande wa juu wa njia na kamera, usisimame nyuma ya gari. Tunapanda.