Old Man Emu kwenye Hilux Vigo: tathmini baada ya kilomita 30,000

Hilux yetu ni ya mwaka 2012, toleo ambalo wengi tunalijua kwa jina la Vigo, na nilipoinunua ilikuwa imelala nyuma kama fisi. Springi za pleti zilikuwa zimenyooka hadi zikaanza kupinda upande wa pili, shokapu mbili zilikuwa zimetapika oili yote, na usiku taa zilimulika vilele vya miti badala ya barabara. Kwa kuwa safari zangu nyingi zinaanzia Arusha kuelekea Engaruka na Ziwa Natron, niliamua kubadilisha mfumo mzima wa springi na shokapu badala ya kuziba kiraka, nikachagua seti ya Old Man Emu, ambayo ni chapa ya kampuni ya ARB ya Australia: springi za koili na shokapu mbele, springi za pleti na shokapu nyuma.

Kosa langu la kwanza lilitokana na tamaa ya urefu. Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja jina, ilinishauri nichukue springi ngumu kuliko zote kwa maelezo kwamba gari litasimama juu na halitalala tena. Lilisimama kweli. Lakini likiwa tupu mjini lilirukaruka kila lilipokanyaga tuta, na kwenye kona yenye mashimo magurudumu ya nyuma yaliteleza kwa kukosa mguso wa barabara. Mzee mmoja fundi wa springi aliyekuja kuniokoa aliniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Mwanangu, siku ambazo huendi safari, gari hili linabeba nini?"

Sikuwa na jibu, hivyo nikarudi nyumbani nikapima kila kitu kwenye mizani ya kupimia mahindi. Kanopi, sanduku la spana, friji na tairi la akiba la pili, ambavyo havishuki kamwe, vilifika kilo 210. Mzigo wa safari huongezeka juu ya hapo: lita 60 za maji ni kilo 60, na madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kama kilo 34, kabla hujapakia hema, chakula na watu. Springi huchaguliwa kwa kuangalia uzito unaokaa garini siku zote, wala si ule wa siku tano za safari kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo nilirudisha zile ngumu kwa hasara na kuchukua za daraja la kati. Mbele nilibaki na springi zilizokusudiwa gari lenye bampa la chuma, kwa sababu bampa ninalo.

Tofauti niliiona vizuri zaidi baada ya Engaruka, pale barabara inapogeuka kuwa rasta, yaani vituta vidogo vilivyopangana, mfululizo hadi Engare Sero. Shokapu za zamani, hata zilipokuwa nzima, zilichoka baada ya nusu saa, kwa kuwa pistoni inapopanda na kushuka bila kupumzika oili hupata moto na kutoa povu, na povu haliwezi kuzuia springi. Hizi mpya zina gesi ya naitrojeni inayokandamiza oili ili povu lisijitengeneze kwa urahisi. Nilishuka kupiga picha mlima Ol Doinyo Lengai, nikaisogelea shokapu ya nyuma kwa kiganja: ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuthubutu kuishika, lakini gari lilikuwa bado linashika njia. Ni haki kuongeza kwamba nilikuwa nimepunguza upepo wa matairi hadi psi 26, na hilo pekee lina mchango mkubwa.

Ufungaji ndio ulionisumbua kuliko bidhaa yenyewe. Ile gereji ya kwanza ilikaza bolti za loa amu, yaani mikono ya chini inayoshikilia magurudumu ya mbele, gari likiwa bado juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Gari liliposhushwa, mpira wa bushi ukabaki umejisokota, na baada ya miezi minne bushi zilikuwa zimechanika. Bolti hizo hukazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Pia hawakugusa vali ya breki iliyo juu ya ekseli ya nyuma, ambayo hupima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua gari bila kurekebisha fimbo yake, vali huamini kwamba gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma. Si kila Vigo ina vali hiyo, lakini chungulia. Alaimenti na taa, bila shaka, hupimwa upya.

Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi mbele, kipimo kilipanda kutoka sentimita 51 hadi 55, na nisingekwenda juu zaidi, kwa kuwa mbele ya Vigo kuna shafti za kuzungusha magurudumu ambazo pembe kali huzichosha. Urefu huo hauinui difu ya nyuma hata kidogo, maana hilo ni kazi ya tairi kubwa, wala hauongezi uzito ulioruhusiwa kwenye kibati cha gari. Shokapu za Old Man Emu za aina ya BP-51, zinazoweza kurekebishwa ugumu, ni ghali mno kwa matumizi yangu.

Bei sitaiandika kwa sababu inafuata dola. Anayefunga sasa atenge pia fedha za bushi mpya, na akaze yuboliti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, tena baada ya kilomita 500. Zangu zilizunguka karibu nusu duara kabla ya kushika.