Elementi nne za Wagiriki: hali za maada au jozi za sifa?

Moto, hewa, maji na udongo: wasomaji wa leo huzifasiri kwa njia mbili.

Ya kwanza inanukia darasa la fizikia. Udongo ni yabisi, maji ni kimiminika, hewa ni gesi, na moto ni plazma, yaani gesi iliyopata chaji ya umeme. Haikosi ushahidi: Plato, katika Timaeus, aliihesabu dhahabu kuwa aina ya maji kwa kuwa huyeyuka. Ila plazma ilipewa jina hilo na mwanakemia Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928, na kumtwisha Mgiriki wa kale dhana hiyo ni kumwonea.

Ya pili humfuata Aristotle mwenyewe, na ndiyo yenye utamu. Kila elementi ni jozi ya sifa: moto ni joto na ukavu, hewa, joto na unyevu, maji, baridi na unyevu, udongo, baridi na ukavu. Sufuria ikichemka, joto huishinda baridi ya maji, unyevu unabaki, na maji yanageuka hewa. Hakuna chembe zinazoachana. Imebadilika sifa moja tu.

Empedocles, mwanafalsafa aliyemtangulia Aristotle kwa karne moja hivi, asingekubali. Kwake mizizi minne, ndivyo alivyoziita elementi, haigeuki kamwe. Upendo huiunganisha, Ugomvi huitenganisha. Fasiri ya kwanza ndiyo isiyomfaa kabisa, maana barafu huyeyuka na maji hukauka kila siku.

Kuwasisimua wanafunzi, ya kwanza inatosha. Kumsoma Aristotle, ningechukua ya pili bila kusita.